Mama ana alama 14, mzee ana 2: tupime vipi sonona kwa mgonjwa wa kisukari?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya huku Ukerewe, nasimamia kliniki ya kisukari na presha. Tumeanza kutumia dodoso la maswali tisa, PHQ-9, kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa raha. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wangu wanapata alama 10 au zaidi. Mama mmoja muuza dagaa amepata 14, na huyo ndiye anayechekesha foleni nzima. Mzee mmoja, mvuvi aliyekatwa vidole vya mguu, amepata 2, zote za uchovu, lakini mwanawe anasema hazungumzi na mtu na sindano za insulini anaziruka. Mganga mfawidhi anataka kila mwenye 10 aandikiwe dawa. Mwenzangu anasema yale ni maswali ya kisukari tu, tuyafute yote yanayohusu mwili. Majibu ya hao wawili nimekutumia bila majina. Nimfuate nani?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole na kazi. Kwa wagonjwa hao wawili umelishika tatizo lote kwa ncha zake mbili. Dodoso linaweza kumbebesha mtu sonona asiyokuwa nayo, na linaweza kumrudisha nyumbani mwenye nayo akiwa na karatasi safi. Mganga wako ameona ncha moja, mwenzako ameona nyingine. Mimi ningeacha maswali yote tisa, ningejumlisha alama kama kawaida, ila nisingekubali jumla ile iandike dawa.

Tuanze na karatasi ya mama. Kila swali linajibiwa kwa alama 0 mpaka 3: 0 ni hapana kabisa, 1 ni siku chache, 2 ni zaidi ya nusu ya siku za wiki mbili, 3 ni karibu kila siku. Usingizi amejibu 3, uchovu 3, kula 3, umakini 2, mwendo wa mwili 2. Huzuni 1. Kukosa raha 0, kujiona hafai 0, mawazo ya kufa 0. Jumla 14, ambayo kwa mwongozo wa dodoso ni sonona ya kiwango cha wastani. Ukiangalia zimetoka wapi, 13 kati ya hizo zimetoka kwenye maswali matano yanayougusa mwili. Maswali hayo matano peke yake yanaweza kumfikisha mtu alama 15 kati ya 27, na 15 ndipo inapoanza ngazi inayokaribia sonona kali. Yaani mtu mwenye sukari iliyopanda, anayeamka mara nne kukojoa, anayeshinda amechoka na kichwa kizito, anaweza kufika huko bila kusema neno moja la huzuni.

PHQ-9 ilitungwa na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams. Dodoso lao lina njia mbili za kusomwa, na vituo vingi vimebaki na ile ya kujumlisha tu. Njia ya pili inafuata utambuzi wenyewe wa ugonjwa: dalili tano au zaidi ziwepo kwa zaidi ya nusu ya siku za wiki mbili (swali la kufa linahesabiwa hata likiwa la siku chache), na lazima mojawapo iwe kati ya zile mbili za kwanza, kukosa raha au huzuni. Mama yako ana dalili tano kamili zilizofika kiwango, lakini za kwanza mbili hazimo. Kwa njia hii hana sonona. Ana kitu kingine kinachomnyima usingizi, na kazi yako ya kwanza ni kukitafuta.

Sasa kwa mganga mfawidhi. Utafiti wa 2001 ulioitambulisha PHQ-9 ulifanyika Marekani kwa wagonjwa 6,000 wa kliniki za kawaida, na 580 kati yao walihojiwa upya na wataalamu wa afya ya akili. Kwa kikomo cha alama 10, dodoso lilimnasa mgonjwa wa kweli kwa asilimia 88 na kumwachia asiye mgonjwa kwa asilimia 88. Ni kipimo kizuri. Lakini kaa naye mpige hesabu. Chukua wagonjwa 100, tuseme 20 wana sonona. Dodoso litawanasa kama 18. Kwa wale 80 wasio nayo, asilimia 12 watakosewa, karibu watu 10. Utakuwa na watu 28 mlangoni, na 10 kati yao hawakustahili kuwemo. Kama wenye sonona ni 10 tu kati ya 100, utawanasa 9 na kuwakosea 11. Zaidi ya nusu ya foleni yako ya dawa ni watu wasiozihitaji, na hapo bado hatujaweka uzito wa kisukari kwenye mizani. Uchambuzi mkubwa wa 2020 uliounganisha tafiti nyingi ulikuta kwamba ukihesabu wenye 10 na kuendelea, unapata karibu asilimia 25 ya watu, wakati mahojiano kamili ya kitabibu kwa watu walewale yanapata asilimia 12. Mara mbili. Alama 10 ni ruhusa ya kukaa chini na mtu na kumuuliza vizuri, basi.

Na dawa zenyewe si maji ya kunywa. Amitriptyline, ambayo mara nyingi ndiyo iliyopo kabatini, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, inakausha mdomo, inaongeza uzito na inashusha presha mtu akisimama. Mpe mama wa kisukari mwenye moyo uliochoka, ambaye hakuwa na sonona, halafu aanguke usiku akienda chooni. Hilo silisemi kwa kukisia; nimewapokea wagonjwa wa namna hiyo.

Nije kwa mwenzako anayetaka kufuta maswali ya mwili. Mawazo yake si mapya. Mwaka 1983 Zigmond na Snaith walitunga dodoso la maswali 14, HADS, maalumu kwa wagonjwa wa hospitali, wakaacha kwa makusudi usingizi, uchovu na maumivu ya kichwa. Ni kazi yenye busara. Hata hivyo, ndani yake limebaki swali la mtu kujihisi amepunguza mwendo, ambalo kila mgonjwa wa moyo ataitikia ndiyo. Lipo pia linalouliza kama bado unafurahia kitabu kizuri, redio au kipindi cha televisheni. Muulize hilo mvuvi wa kisiwa kisicho na umeme ambaye hakuwahi kusoma kitabu kwa starehe, uone utaandika nini.

Kinachonizuia zaidi kukubaliana naye ni watu wetu wenyewe. Miaka yote niliyofanya kazi Mwanza, wagonjwa wengi wa sonona hawakuja wakisema wana huzuni. Walikuja wakisema mwili hauna nguvu, kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, chakula hakipandi. Mwili ndio mlango waliopitia. Ukiufunga kwa jina la haki, utakuwa umewafungia nje hasa wale wasio na mazoea ya kuzungumza habari za moyo, na wengi wao ni wanaume na ni wazee. Tena sonona yenyewe inachosha mwili kwelikweli, inavunja usingizi, inakata hamu ya chakula. Uchovu wa mgonjwa wa kisukari mwenye sonona una wazazi wawili, na hakuna wembe wa kuukata katikati.

Pale mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, muuza samaki na mnunuzi wanajua kwamba beseni lina uzito wake, na wanalitoa kwenye hesabu. Kwa ugonjwa huwezi kufanya hivyo, kwa sababu beseni la huyu limejaa maji na la yule ni kavu. Hakuna namba ya kuwatolea wote. Kupandisha kikomo kutoka 10 hadi 13 au 15 kwa wagonjwa wote wa kisukari kutapunguza foleni, ndiyo, lakini kutawaacha wengine wazame. Itabidi uangalie kila beseni.

Kuliangalia kunaanzia kwenye jinsi ya kuuliza. Mtu akikuambia halali, usiandike 3 ukapita. Muulize anaamshwa na nini. Anayeamka kwa mkojo, akaenda, akarudi, akalala, huyo anaamshwa na sukari. Anayeamka saa tisa usiku bila kubanwa na chochote, akakaa macho mpaka alfajiri akirudiarudia jambo lilelile, huyo usingizi wake umeliwa na kitu kingine. Mgonjwa wa moyo atakuambia anaamka kwa kukosa pumzi na lazima akae. Anayetumia dawa za VVU anaweza kusumbuliwa na dawa yenyewe; efavirenz ilijulikana sana kwa ndoto za kutisha, na dolutegravir, ambayo wengi wanaitumia sasa, nayo huwanyima baadhi ya watu usingizi. Na mvuvi wa dagaa! Yeye anaingia ziwani usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi. Ukimuuliza kama ana shida ya kulala usiku, swali lako halina maana kwake. Muulize akirudi asubuhi analala vipi.

Uchovu vilevile. Upo unaokuja baada ya kazi na kupungua kwa kupumzika, na upo ambao mtu anaamka nao, umemkalia kifuani kabla hajafanya lolote. Wa kwanza unipeleke maabara: sukari, wingi wa damu, figo. Huku kwetu kando ya ziwa usiache kufikiria kichocho, kwani mtu anaweza kuishi nacho miaka mingi, damu ikipungua na ini na bandama vikivimba, huku yeye akidhani ni uzee. Kwa chakula, mtu anayesema hakina ladha au kinamletea kichefuchefu si sawa na anayesema haoni sababu ya kula.

Lakini swali linalonipa zaidi ni lile la kwanza, la raha, na hilo ndilo tunaloliuliza vibaya kuliko yote. Ugonjwa unamnyang'anya mtu mambo aliyoyapenda. Mvuvi aliyekatwa vidole haendi ziwani, kwa hiyo ukimuuliza kama amepoteza raha ya shughuli zake, unamhesabia mguu kama sonona. Muulize raha katika yale ambayo mwili bado unamruhusu. Wenzake wakirudi, anauliza bei ya sangara leo? Mjukuu akija, anamshika? Redio ikitangaza mpira, anasogea? Mtu ambaye mguu umemzuia kwenda mwaloni lakini bado anataka kujua nani kapata nini, moyo wake uko hai. Asiyetaka kujua chochote, hata kile kinacholetwa mpaka kitandani, huyo nakaa naye.

Mwaka 1984 Jean Endicott, akifikiria wagonjwa wa saratani, alipendekeza kwamba dalili za mwili zibadilishwe na zinazoonekana kwa macho. Badala ya kupungua hamu ya kula, tazama uso wenye woga na huzuni. Badala ya usingizi, tazama kujitenga na kupunguza maneno. Badala ya uchovu, kujionea huruma na kuona kila kitu kibaya. Badala ya umakini, tazama kama mtu anaweza kuchangamshwa, kama habari njema inamgusa. Mimi siyabadilishi maswali, nayaongezea haya pembeni kwa kalamu. Mama yako anayechekesha foleni, yasome haya manne juu yake. Kisha msome mzee.

Kuna jambo la lugha ambalo lazima nilitaje, maana limeharibu karatasi nyingi. Dodoso likisema "hamu ya kufanya mambo", mwanaume wa kisukari anaweza kusikia tendo la ndoa, na kwa kuwa kisukari kinaligusa hilo, atajibu kwa aibu au kwa uongo. Sema "kufurahia" au "kuvutiwa na" shughuli. Na lile jibu la "zaidi ya nusu ya siku" wengi wanalisikia kama muda wa saa saba au nane ndani ya siku moja. Nilikuja kugundua baada ya muda mrefu kwamba nilikuwa naandika 2 kwa watu waliosumbuliwa siku moja. Tangu hapo naweka mezani punje 14 za mahindi, kila punje ni siku, na namwambia mgonjwa azitenge: siku zilizokuwa mbaya huku, nzuri kule. Ikifika nane kwenda juu, ni zaidi ya nusu. Bibi asiyejua kusoma anafanya bila shida, tena kwa makini kuliko wasomi. Kwa wavuvi naifunga kwenye mwezi: tangu giza lilipoanza mpaka leo.

"Una mawazo?" ni swali zuri la kufungulia, kila mtu analielewa, ila mawazo ya ada ya shule si sonona. Neno "sonona" lenyewe liache kwenye faili, wengi hawalijui.

Ndipo tufike kwa mzee, aliyenifanya nikujibu kwa urefu huu. Alama 2. Mfikirie alivyopimwa. Ameingia chumbani, umempa shikamoo, ameitikia marahaba, umemuuliza habari, amesema nzuri, tunamshukuru Mungu. Halafu, kabla salamu hazijapoa, binti wa umri wa mjukuu wake anamsomea maswali kama anajiona hafai, huku mlango uko wazi na foleni inasikiliza. Kwake salamu zilikuwa bado zinaendelea. Alikujibu nzuri mara tisa. Alilolikubali ni uchovu tu, kwa sababu uchovu mwanaume anaruhusiwa kuwa nao. Kwa hiyo, dada, swali lilelile la mwili ambalo mwenzako anataka kulifuta ndilo pekee lililotoa harufu ya moshi.

Na usikubali mtu akuambie, "Amekatwa vidole, ungekuwa wewe usingehuzunika?" Neno hili linasemwa kwa huruma lakini linawanyima watu tiba. Huzuni ya kupoteza kiungo ipo, inakuja na kuondoka, inamwachia mtu nafasi ya kucheka katikati. Wengi wa wanaoishi na magonjwa ya kudumu hawana sonona. Aliye nayo ana ugonjwa wa pili, unaotibika, na usipotibiwa unauharibu wa kwanza, kama sindano anazoziruka zinavyokuonyesha.

Sindano hizo ndizo zinazonipa wasiwasi. Kwa mtu wa insulini, swali la tisa, la mawazo ya kufa, halijibiwi kwa mdomo peke yake. Kuacha dawa kunaweza kuwa kusahau, kukosa hela, kuogopa sukari kushuka. Kunaweza pia kuwa njia ya mtu kuondoka bila kuitwa aliyejiua. Muulize waziwazi, mkiwa wawili: "Baba, ulipoacha sindano, ulikuwa unataka nini kitokee?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, mara nyingi kunampunguzia mzigo. Mweleze kwanza kwamba humuulizi ili kumshtaki, kwa sababu Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na watu wanaojua hivyo hufunga midomo. Akikuambia anataka kufa, uliza amepanga vipi na kwa kitu gani. Insulini yote ikae kwa mwanawe, aletewe dozi kwa dozi. Sumu za shambani zitoke nyumbani. Asibaki peke yake, mganga aitwe siku hiyohiyo, na rufaa iende na mtu wa kumsindikiza, kwanza hospitali ya wilaya Nansio, ikibidi hospitali za rufaa za Mwanza, Sekou Toure au Bugando. Mzee mwenye mawazo hayo asipandishwe kivuko peke yake na karatasi mkononi.

Kwa mama sina haraka. Mpime sukari na damu, angalia dawa zake za presha na saa anazozinywa. Kama ya kukojosha anainywa jioni, ihamishie asubuhi. Mrudie na dodoso lilelile baada ya wiki mbili hadi nne sukari ikishatulia. Alama za usingizi na uchovu zikishuka, umepata jibu. Zisiposhuka, au zile mbili za kwanza zikianza kupanda, kaa naye tena bila kujali anavyochekesha watu, maana wapo wanaocheka foleni na kulia jikoni. Kwenye faili usiandike 14 peke yake. Andika 14, mwili 13, moyo 1, na tarehe. Siku mganga mgeni atakapolifungua, ataona ulichokiona wewe.

Siku ya kliniki anza na mzee, kabla foleni haijajaa, na ufunge mlango. Dodoso liache kwenye droo. Msalimie mpaka salamu ziishe zenyewe, kisha muulize ni nani anayeshona nyavu zake siku hizi.